Asiyekuwapo na Lake Halipo: Toleo Lijalo la Debian na Wanetu wa Thika na Ruiru

Tangu Microsoft iliposimamisha matengenezo ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, wenye saiba na maabara za kompyuta wanajiuliza swali moja: mashine ambazo Windows 11 inazikataa wazifanyeje? Jawabu linalotajwa sana ni Linux. Nakubaliana nalo, lakini lina sharti lake, na sharti hilo linawahusu vijana wetu wa Pwani wanaosoma Thika, Juja na Ruiru.

Tuchukue mfano wa Debian. Mfumo endeshi huu wa programu huria ulianzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, na mpaka leo hujengwa na watu wa kujitolea waliotawanyika duniani. Ubuntu, ambayo wengi wetu tunaijua zaidi, imejengwa juu ya kazi yao. Toleo la 13 lilitoka tarehe 9 Agosti 2025 baada ya kazi ya zaidi ya miaka miwili, likiwa na vifurushi vya programu karibu 70,000. Sasa linaandaliwa toleo la 14, lililopewa jina la Forky.

Watu wasio na mwajiri mmoja wanamalizaje kazi kubwa hivyo? Kwa kalenda. Kifurushi kipya huingia kwanza kwenye ghala la majaribio ya mwanzo. Kikikaa siku kadhaa bila kuonyesha hitilafu kubwa mpya, huhamia kwenye ghala ambalo ndilo litakuwa toleo lijalo. Kisha timu ya matoleo hufunga milango kwa awamu. Kwa toleo la 13, mlango wa kwanza ulifungwa 15 Machi 2025, wa pili 15 Aprili, wa tatu 15 Mei. Kila awamu huruhusu mabadiliko machache kuliko iliyotangulia, mpaka yabaki marekebisho ya hitilafu tu. Anayekuja na malalamiko baada ya hapo amechelewa. Mengi yatangoja toleo jingine, yaani kama miaka miwili.

Wanaosikilizwa katika kazi hii ni wale waliopo. Toleo la 13 liliacha kuwa na njia rasmi ya kuwekwa kwenye kompyuta za kale za biti 32. Mashine hizo zilikuwa zimepungua, na wa kuzihudumia wakapungua pia. Toleo hilohilo likapokea rasmi aina mpya ya prosesa, RISC-V, kwa kuwa palikuwa na watu wa kuijenga na kuijaribu. Wahenga walikwisha sema: asiyekuwapo na lake halipo.

Sasa tazama Thika Road. Mount Kenya University iko Thika, JKUAT iko Juja, Zetech iko Ruiru. Wanetu kutoka Mombasa, Kwale, Kilifi na Lamu wamo humo, na laptopu za mitumba wanazo. Mtaalamu wa Ujerumani mwenye mashine mpya hawezi kujua kwamba kadi ya Wi-Fi ya laptopu iliyouzwa Ruiru haiamki, au kwamba printa ya saiba ya Thika inatoa karatasi tupu. Anayeweza kumwambia ni aliye na mashine hiyo mbele yake.

Kazi yenyewe haihitaji mtaji. Kikundi kinaweza kupakua toleo la majaribio mara moja, kisha flashi zikazunguka ili kuokoa bando. Lijaribiwe kwenye mashine isiyo na kazi za watu. Kikiharibika kitu, kiandikwe: aina ya mashine, ulichofanya, kilichotokea. Debian hupokea ripoti za hitilafu kwa barua pepe, bila ada.

Lugha nayo ina wakati wake. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili, kuonyesha kwamba lugha yetu inaimudu kompyuta. Lakini maneno ya programu hubadilika kila toleo, na tafsiri isiyo na mtunzaji huachwa nyuma. Mtafsiri naye lazima awahi kabla milango haijafungwa.

Najua mtu atasema kijana anayetafuta karo na kodi ya chumba hana muda wa kujitolea. Ni kweli. Ndiyo maana naona vyuo viihesabu kazi hii kama mradi wa mwanafunzi, kwani ripoti ya hitilafu iliyokubaliwa hubaki hadharani na mwajiri yeyote anaweza kuisoma. Wazazi na jumuiya za wanafunzi wa Pwani nao waliulizie jambo hili muhula huu. Toleo la 14 bado linapokea mabadiliko, na milango yake itafungwa awamu kwa awamu kama ya lililotangulia.