MAONI: Programu haifupishi mstari, inakuonyesha saa ya kufika

Lubumbashi. Ndugu msomaji, kila mwaka likizo kubwa zinapokaribia, simu yangu inajaa ujumbe wa sauti kutoka Ubelgiji, Ufaransa na hata Marekani. Ni ndugu zetu waliotoka hapa. Wanajua ninafanya kazi ya redio, basi wanafikiri mwanahabari anaweza kutafuta kila kitu. Safari hii yaya yangu anayeishi Ubelgiji ameniuliza swali ambalo nimeona ni vizuri kulijibu mbele ya watu wote: «Tunataka kupeleka watoto kwenye bustani ya michezo, lakini sitaki tena kusimama mstarini siku nzima. Programu za kupanga siku ni nyingi. Tuchukue ipi?»

Kwa asiyezijua bustani hizo: ni viwanja vikubwa vyenye treni ndogo zinazopanda na kushuka kwa kasi, mashua, nyumba za vituko na wanasesere wakubwa wanaosalimia watoto. Disneyland ya kwanza ilifunguliwa California mwaka 1955. Ile ya karibu na Paris, ambayo Wakongo wengi wa Ulaya wanaijua, ilifunguliwa mwezi wa nne mwaka 1992. Unalipa tiketi mlangoni, kisha ndani unacheza bila kulipa kila mchezo. Ila kila mchezo una mstari wake, na siku za watu wengi mstari mmoja unaweza kupita saa nzima kwa furaha ya dakika tatu.

Yaya ana sababu ya kuogopa. Safari yao ya kwanza, kwenye bustani moja ambayo sitaitaja, waliiwekea akiba zaidi ya mwaka mmoja. Walikuwa watu sita: yeye, shemeji na watoto wanne. Shemeji ni mtu wa mahesabu. Alipata kwenye intaneti mpango ambao wengine walikuwa wameutengeneza, akauchapa kwenye karatasi: michezo kumi na mmoja, kila mmoja na dakika zake. Kufika saa tano asubuhi karatasi ilikuwa haina kazi tena. Mchezo wa pili ulikuwa umefungwa kwa matengenezo. Kwenye wa tatu mtoto mdogo alipimwa urefu, akaonekana hajafika, basi mzazi mmoja akabaki naye nje. Mchana simu ya shemeji ikazima moto. Kwa siku nzima walicheza michezo minne. Wakati wa kurudi, ndani ya gari, mtoto wa miaka minne akauliza: «Mama, mbona tulikuwa tunasimama tu?»

Mwezi ule yaya hakutuma pesa ya dawa ya mama yetu. Alituomba tuvumilie, nasi tukavumilia, tukachukua dawa kwa deni mtaani. Hakuna aliyemlaumu, kwa sababu watoto wake nao wana haki ya kufurahi. Lakini tangu hapo nimeelewa kwamba swali la programu si swali la mchezo tu. Ni pesa iliyotoka kwa jasho, na nusu ya familia iko upande huu wa bahari.

Kwanza tuelewe mstari wenyewe. Elimu yake ni ya zamani: tangu mwaka 1909 mtaalamu wa hesabu wa Denmark, A. K. Erlang, aliandika juu ya watu wanaosubiri laini ya simu. Hesabu ya bustani ni rahisi zaidi. Kama mchezo unabeba watu 1 200 kwa saa, na mbele yako kuna watu 1 200, utasubiri saa moja. Hakuna programu inayoweza kuongeza viti vya treni hiyo. Inachoweza kufanya ni kukuambia uende pale wakati ambapo watu mbele yako ni 200.

Jambo hili mama zetu wa Katuba wanalijua bila simu. Mama anayeamka saa kumi alfajiri na bidoni zake kwenda bombani hajafupisha mstari wa maji. Anajua saa. Na akiwa na jirani mwema, atamgongea mlango amwambie: leo maji yametoka, njoo sasa. Programu nzuri ni kama jirani huyo. Mbaya inakupa ratiba ya jana na kukuacha usimame na bidoni tupu.

Nimetazama zile ambazo watu wanazitaja zaidi, na naona ni za aina tatu.

Aina ya kwanza ni programu ya bustani yenyewe. Disneyland Paris inayo, Walt Disney World ya Florida inayo, na ni za bure. Zinaonyesha ramani, michezo iliyofungwa na dakika za kusubiri kwa wakati huo. Ubaya wake ni kwamba mwenye duka ndiye anayekuambia hali ya duka. Dakika inazoonyesha ni makadirio yake, na watu wanaopima mistari kwa saa ya mkononi wamekuta kwamba mara nyingi kusubiri kwa kweli ni kufupi kuliko kulikoandikwa. Tena programu hiyo hiyo ndiyo inayokuuzia njia ya kuwapita wengine. Nitarudi hapo.

Aina ya pili ni tovuti zinazokusanya dakika hizo kwa siku na miaka, kama Queue-Times. Hapo unaweza kuona bustani nyingi za dunia, pamoja na siku na saa ambazo mistari ilikuwa mirefu au mifupi. Kwa kuchagua tarehe ya safari, hakuna kitu kinachofaa zaidi, na huhitaji kulipa ili kutazama.

Aina ya tatu ni zile zinazokupangia hatua kwa hatua. Inayojulikana sana ni TouringPlans ya Marekani. Mwanzilishi wake, Len Testa, mtaalamu wa kompyuta, alilifanya swali hili kuwa utafiti wake wa chuo kikuu. Swali lenyewe ni gumu kuliko linavyoonekana: michezo kumi tu unaweza kuipanga kwa njia 3 628 800 tofauti, na mistari inabadilika kila saa. Hapo kompyuta inamshinda shemeji na karatasi yake, hilo nakubali. Lakini sehemu ya huduma hiyo ni ya kulipia, na imejengwa hasa kwa bustani za Florida na California. Ndugu yetu wa Texas anayekwenda Florida siku nne inaweza kumfaa. Yaya anayekwenda Paris siku moja, hapana.

Basi kabla ya kutoa hata euro moja, mimi ninashauri maswali manne.

Swali la kwanza: je, imetengenezwa kwa bustani ninayokwenda? Inaonekana swali la kitoto, lakini watu wengi wanalipa kwa sababu ya jina kubwa na picha nzuri.

Swali la pili: je, inabadilika pamoja na siku? Mchezo ukifungwa saa nne, je, itakupangia upya, au itaendelea kukutuma kwenye mlango uliofungwa? Mpango usiobadilika ndio uliowaangusha wetu. Kosa halikuwa la programu, walichapa karatasi ya watu wengine wakaitegemea.

Swali la tatu: je, inajua watoto wangu? Michezo mingi ya kasi ina kipimo cha urefu. Big Thunder Mountain ya Paris, kwa mfano, inadai mtoto awe na sentimita 102. Pima mtoto nyumbani, ukutani, na umwambie ukweli kabla ya safari ili asilie mbele ya mlango. Tena uliza kama bustani ina utaratibu wa wazazi kupokezana: mmoja anacheza, mwingine anabaki na mdogo, kisha wanabadilishana bila kupanga mstari upya. Kwa watu wenye ulemavu na akina mama wenye mimba, Disneyland Paris ina kadi za kuwasaidia. Ulizia mapema, soma masharti, na usione haya.

Swali la nne ndilo kubwa: nani anafaidika nikilipa?

Hapa nataka tuseme wazi. Mwaka 1999 Disney ilianzisha Florida utaratibu wa FastPass. Ulikuwa wa bure kwa kila mwenye tiketi: unachukua saa yako, unakwenda kuzunguka, ukirudi unapita mstari mfupi. Paris nayo iliufuata. Mwaka 2021 ukaondolewa. Paris ikaja Premier Access, ya kulipia. Florida ikaja Genie+, iliyoanza kwa dola 15 kwa mtu kwa siku, na mwaka 2024 ikapewa jina la Lightning Lane. Familia ya watu sita kwa dola 15 ni dola 90 juu ya tiketi, na tangu hapo bei zinapanda na kushuka kulingana na siku.

Sisi huku tunalijua jambo hili kwa jina lingine. Umepanga mstari kwenye ofisi tangu asubuhi, mtu anafika saa nne, anasalimia mlinzi kwa mkono uliokunjwa, anaingia. Tunaita matabishi, na kwenye redio tunalikemea. Najua kuna tofauti: kule bei imeandikwa, risiti inatolewa, pesa inaingia kwenye kampuni na si kwenye mfuko wa mlinzi, na hakuna sheria inayovunjwa. Tena ofisi inatoa haki ya raia, bustani inauza furaha. Tofauti hizo ni za kweli. Lakini kwa yule aliyesimama mstarini matokeo ni yale yale. Treni haikuongezwa kiti hata kimoja. Dakika ambazo mwenye pesa hakusubiri, zimebebwa na mtoto wa mtu mwingine. Na kadiri mstari wa bure unavyokuwa mrefu, ndivyo watu wengi wanavyosukumwa kulipa. Duka linauza dawa ya ugonjwa ambao lina uwezo wa kuuongeza.

Simlaumu mzazi aliyelipa mara moja kwa mchezo mmoja ambao mwanawe ameuota mwaka mzima. Mwenye siku moja tu maishani anaweza kufanya hivyo na kulala vizuri. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba huo ndio «mpango». Kulipa ili uwapite wengine si kupanga. Kupanga ni kujua saa, kama mama wa bidoni.

Kwa hiyo yaya nimemjibu hivi, na wewe msomaji mwenye ndugu kule unaweza kumtumia. Chagueni siku ya katikati ya juma, nje ya likizo za shule. Ufaransa imegawanywa katika maeneo matatu, A, B na C, ambayo likizo zake za baridi na za masika zinapishana, basi tazameni kalenda yao. Ninyi wa Ubelgiji wa Kifaransa mna bahati: tangu mwaka 2022 kalenda ya shule zenu ilibadilishwa, na kuna majuma ambayo watoto wenu wako likizo wakati wa Ufaransa wako darasani. Hapo ndipo pa kwenda. Hakikisheni tarehe kwenye Queue-Times. Siku yenyewe tumieni programu ya bure ya bustani, kwa dakika za sasa tu. Fikeni kabla ya mlango kufunguliwa, nendeni kwanza kwenye mchezo ambao kila mtu anautaka, wakati wengine bado wanapiga picha mlangoni. Kuleni mapema au muchelewe, msile wakati wa wote. Bebeni betri ya akiba ya simu. Na muandike michezo mitatu tu, kila mtoto mkubwa achague mmoja. Mkimaliza hiyo mitatu, yote inayofuata ni nyongeza.

Yaya alisikiliza, akacheka: «Sasa programu ya kununua ni ipi?» Nikamwambia hakuna. Kwa siku moja Paris, na watoto wanne, iliyo bora ni ya bure pamoja na kuamka mapema. Pesa ya kuwapita watu wengine abaki nayo, watoto wanunue aiskrimu, na ikibaki kidogo, mama yuko hapa na dawa yake inaisha mwisho wa mwezi.

Wanakwenda siku ya tatu, juma la pili la likizo zao. Mtoto aliyeuliza swali lile ndani ya gari sasa amepita sentimita 102. Wamempima ukutani, wakanitumia picha.