Jina linalorudi kila ninapopiga magoti
Safu ya Jumamosi, na Déo Ndayizeye

Wiki ya tatu sasa nahudhuria mkesha wa Ijumaa kanisani kwetu hapa Bwiza nikiwa na ombi moja: Mungu anionyeshe kama niache kazi niliyo nayo nifungue duka. Nafunga, nasali, nanyamaza. Na kila ninyamazapo, kinachonijia si kazi wala duka. Ni jina la kaka yangu.

Mimi na kaka hatujasemezana tangu mwaka juzi. Chanzo ni kipande cha shamba alichotuachia baba, migomba michache ukishuka kuelekea mtoni. Mkaaji wa Burundi hahitaji kuelezwa zaidi. Mahakama zetu zimejaa ndugu wa tumbo moja wanaogombea ardhi.

Mwanzoni nilimkemea shetani, nikidhani ndiye anayenivurugia maombi. Nilikosea. Hapa Bujumbura tunapenda kusema "Mungu ameniambia", na mara nyingi tunachosema tumeambiwa ni habari za safari, za mchumba, za biashara. Sina ugomvi na ndoto wala unabii, vimewahi kunisaidia. Lakini katika Maandiko naona Mungu akimwita mtu, mara nyingi anamuuliza habari za mwenziwe. Kaini aliulizwa alipo nduguye. Naye mtoto Samweli, alipoitwa usiku, alimkimbilia mzee Eli mara tatu, maana hakufikiri kwamba anayemwita anaweza kuwa mwingine zaidi ya mtu wanayeishi pamoja.

Ndipo mawazo yakanipeleka Buta, kule Bururi. Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997, vita vyetu vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa katika mwaka wa nne, watu wenye silaha waliingia bwenini katika seminari ndogo, wakawaamuru wanafunzi wajitenge: Wahutu huku, Watutsi kule. Hawakujitenga. Vijana 40 waliuawa. Mwaka 2019 Kanisa Katoliki nchini lilifungua mchakato wa kuwatangaza wenye heri, wao pamoja na wengine waliokufa kwa ajili ya udugu.

Nawaza ule muda mfupi kati ya amri na risasi. Hapakuwa na nafasi ya kufunga siku tatu, wala ya kumtafuta mtumishi awaombee wapate uthibitisho. Jibu lilikuwa tayari ndani yao. Gombera wao, padri Zacharie Bukuru, alikuwa amewazoesha kuzungumza waziwazi habari za ukabila, jambo ambalo watu wazima walilinong'ona. Mengine, naamini, yalijengeka katika siku zisizoandikwa popote: kugawana sabuni, kumwamsha wa kitanda cha pili asichelewe sala, kumwomba radhi uliyemtukana uwanjani. Aliyekwisha kuitika mara mia katika hayo, sauti haimpotei hata siku ya bunduki.

Mimi nimeitwa katika jambo dogo mno, migomba tu, na wiki tatu nimejifanya sisikii.

Jumatano jioni nilimpigia kaka. Simu iliita mpaka ikakatika. Alhamisi asubuhi nikapiga tena, akapokea shemeji. Tulisalimiana, kisha kwa mbali nikamsikia kaka akiuliza ni nani.

"Ni Déo," shemeji akasema.

Kukawa kimya. Halafu nikasikia kiti kikisogezwa.