Taa za Nyuma Si Mali ya Dereva

Wapenzi wa ushairi na lugha yetu, leo naomba ruhusa niwapeleke gereji kabla sijawarudisha barazani. Ninayo hoja ninayotaka kuitetea, nayo ni hii: mwenye gari kongwe anayetaka kubadilisha taa zake za nyuma hana budi kwanza kujua zile za kale ziliumbwa hivyo kwa sababu gani. Akishajua, na afanye mageuzi apendavyo. Hoja hii nimejifunza kwa gharama, na aliyelipa sehemu kubwa ya gharama hiyo si mimi.

Marehemu baba aliniachia Mercedes-Benz ya aina ya W123. Magari ya aina hiyo yalianza kuuzwa mwaka 1976, yakaundwa kwa takribani miaka 10, na idadi yake ikakaribia milioni 2.7. Atakayelitazama kwa nyuma ataona kwamba vioo vya taa zake (ndivyo tunavyoviita, ingawa ni plastiki) si laini. Vina matuta ya mlalo, tuta na mfereji, tuta na mfereji, mfano wa shamba la viazi lililolimwa likingoja mvua. Tangu utoto wangu niliyahesabu matuta yale kuwa pambo tu, tena pambo lililopitwa na wakati.

Miaka michache iliyopita vioo hivyo vilikuwa vimepauka kwa jua, na taa ya kushoto ilikuwa ikiwaka kwa kusuasua. Sikutafuta chanzo cha ugonjwa. Nilinunua taa mpya za LED, laini kama kigae, nikazifunga, na zile za kale nikazitia guniani na kuzisahau stoo. Usiku ule nililizunguka gari mara tatu nikijipongeza. Jirani mmoja alinisifu kwamba gari la mzee limerudi ujanani, nami nikazipokea sifa hizo bila haya.

Kiangazi kilichofuata tulikwenda shambani kwetu, wilayani Handeni. Mpwa wangu alitufuata kwa pikipiki. Jua lilikuwa limekwisha kuzama, na vumbi jekundu la barabara ile lilikuwa limetanda. Mbuzi walikatiza mbele yangu, nikakanyaga breki. Mara nikasikia kishindo nyuma. Tulipomwinua kijana, mkono wake wa kulia ulikuwa umevunjika. Alisema maneno matatu tu: "Mjomba, sikuona taa."

Nilimwomba mke wangu akanyage breki, nami nikaenda kutazama. Taa zilikuwa zinawaka. Lakini juu ya vioo vile laini vumbi lilikuwa limejipaka sawasawa, toka pembe hadi pembe, mithili ya unga juu ya kibao cha chapati. Kilichopenya kilikuwa wekundu hafifu ambao mimi mwenyewe, niliyekuwa nimesimama hatua tatu, niliuona kwa shida.

Tuliporudi Tanga nililipeleka gari kwa mzee mmoja, fundi umeme wa magari. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaniuliza swali moja: "Za zamani umezipeleka wapi, mwanangu?" Hakungoja jibu. Alinishika mkono akanipeleka kwenye W123 nyingine iliyokuwa imewasili asubuhi ile kutoka safari ya mbali, bado haijaoshwa. Vumbi lilikuwa limeshika migongo ya matuta. Ndani ya mifereji, plastiki ilikuwa ingali nyekundu na safi.

Hilo ndilo lilikuwa kusudi la matuta yale. Wahandisi wa Mercedes-Benz waliyaweka kwenye gari lao la SL la mwaka 1971, kisha wakayaendeleza katika magari yaliyofuata, ili uchafu ushike sehemu zilizochomoza na sehemu zilizozama ziendelee kupitisha nuru. Mimi nilikuwa nimeng'oa kinga ya vumbi nikalipeleka gari kwenye vumbi.

Sasa wako watakaosema: basi tusiguse kitu, gari kongwe libaki kama lilivyotoka kiwandani. Nao siwaungi mkono. Balbu ya kale huwasha uzi wa chuma, na uzi huo huhitaji takribani sehemu mbili za kumi za sekunde kabla haujang'aa sawasawa. LED huwaka papo hapo. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hupita zaidi ya mita 4 katika muda huo. Mita 4 zatosha kumtenganisha mtu na kifo, na mwenye gari anayezikataa kwa jina la uasilia anampunja mtu mwingine haki yake. Dereva hazioni taa zake za nyuma. Amewekewa awatumikie walio nyuma yake.

Kwa hiyo tulifanyaje? Tulizitoa taa za baba guniani. Tulivisugua vioo kwa maji ya sabuni na mswaki, mfereji mmoja baada ya mwingine, kisha tukavipiga polishi mpaka wekundu ukarudi. Tulibadilisha mpira unaozuia maji na vumbi kuingia ndani. Fundi akakwangua kutu kwenye vishikio vya balbu, akaunga upya waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari. Hapo ndipo nilipogundua aibu yangu ya pili. Taa ya kushoto haikuwa imezeeka hata kidogo; ilikuwa na njaa ya umeme. Balbu ya volti 12 ikipata volti 10 tu, nuru yake hushuka karibu nusu. Waya mmoja wa bei ndogo ungeiponya tangu siku ya kwanza.

Baada ya hapo ndipo tulipoingiza upya wetu. Kwenye taa za breki tulitia balbu za LED nyekundu. Wengi huweka nyeupe wakidhani ndizo kali zaidi. Lakini kioo chekundu huzuia sehemu kubwa ya nuru nyeupe, na kilichobaki huwa kidogo. Nyuma ya kioo cha manjano cha indiketa tukaweka za manjano. Kwa kuwa LED hunywa umeme kidogo, indiketa zilianza kupepesa kwa pupa, kana kwamba balbu imeungua, ikatulazimu kubadilisha na flasha. Mwisho, fundi alinituma nisimame hatua 50 nyuma ya gari, usiku, nitazame. Alisema taa haijatengenezwa mpaka mtu wa nyuma atoe ushahidi wake.

Ndugu zangu malenga, nadhani mmeshaona ninakoelekea. Mwaka 1954 Amri Abedi alituandikia kitabu cha sheria za kutunga mashairi. Mwaka 1974 Kezilahabi akatoa *Kichomi*, na tangu hapo ugomvi wa vina na mizani haujatulia. Nimewasikia vijana wakiviita vina mapambo ya kale, kwa sauti ileile niliyoyaitia matuta pambo. Nimewasikia wazee wakimkana mtungaji kwa mizani moja iliyopungua, ilhali utungo wao wenyewe, uliotimiza mizani zote, umekosa jambo la kumwambia yeyote.

Kina na mizani viliumbwa kwa ajili ya mtu aliyekaa mbali na mtungaji: msikilizaji asiye na karatasi, atakayelibeba shairi kichwani hadi kijiji cha pili na kulighani huko bila kulivunja. Vilikuwa kinga dhidi ya vumbi la usahaulifu. Anayeviacha ana haki ya kuviacha, na wako walioviacha wakatuandikia kazi kubwa. Lakini aeleze ni kitu gani katika utungo wake kitakachofanya kazi iliyofanywa na vina, shairi lake litakapofika penye vumbi. Na anayevishika asidhani kuwa kioo kilichosafishwa vizuri ni taa iwakayo. Akague na waya wa ethi.

Mpwa wangu alipona, ingawa mkono ule haunyooki vizuri hadi leo. Hajanilaumu hata mara moja, na hilo ndilo linalonilemea zaidi. Ubeti huu nilimtungia yeye. Akausoma, akacheka, akaniambia kwamba angalau huu ameuona tangu mbali.

Nuru iliyoko nyuma, si yako ewe mwenzangu,
Ni ya ajaye kwa hima, gizani kwenye ukungu,
Ukitaka kulihama, umbo la wahenga wangu,
Kwanza itambue dhima, ujikinge na machungu.