Mgeni, Omba Jembe Lako



Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa dhati mwaka 2016, familia nyingi zimefunga mizigo Dar es Salaam na kuja kuanza upya. Uamuzi wenyewe ulifanyika mwaka 1973, kwa hiyo wapo walioustaafia wakiusikia tu. Sasa umetimia. Baba ana ofisi Mtumba, watoto wamepata shule, nyumba imepatikana Kisasa au Nzuguni. Kila mmoja amepata mahali pake, isipokuwa mama. Yeye ndiye aliyeacha jirani wa kuazimana chumvi, kikundi cha kuweka na kukopa, na kwaya aliyoimba tangu aolewe. Mwezi huu tungependa kuzungumza naye, pamoja na kila mama aliyehamia mji asiojulikana, hata kama si Dodoma.

Wengine hudhani upweke huu ni jambo dogo litakaloisha lenyewe. Sivyo. Siku mtoto atakapopandwa na homa saa nane za usiku, na baba yuko safari ya kikazi, utambishia hodi nani? Siku utakapoletewa habari ya msiba, nani atakaa nawe mkekani kabla ndugu hawajafika? Mithali zinatukumbusha kwamba jirani aliye karibu ni bora kuliko ndugu aliye mbali. Lakini jirani huyo hapatikani siku ya shida. Huandaliwa siku za amani.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tumezoea kumsema nayo mgeni aliyekaa mno. Sisi tunaona ndani yake wema pia: anayepewa jembe ameshahesabiwa kuwa mtu wa nyumbani. Tatizo la makanisa ya mijini ni kwamba watu ni wengi, na mgeni aweza kukaa miaka miwili bila kupewa jembe. Anasimama Jumapili ya kwanza, anapigiwa makofi, basi. Kwa hiyo, mama, usingoje. Liombe.

Kwanza, njoo na barua. Kabla ya kuondoka, mwombe mchungaji au padre wako barua ya utambulisho. Si karatasi ya ofisini tu. Paulo alipowaandikia Warumi alimtambulisha kwao Fibi, mhudumu wa kanisa la Kenkrea, akawasihi wampokee na kumsaidia katika lolote atakalohitaji. Kama mama yule hakuona aibu kutambulishwa, kwa nini sisi tuone?

Pili, usizunguke mno. Hudhuria Jumapili tatu au nne ukiangalia: Je, Neno linafundishwa? Watoto wana Shule ya Jumapili? Mjane na mtu maskini wanapokelewaje mlangoni? Je, unaweza kufika kwa miguu siku ambayo hakuna nauli? Zungumza na baba wa nyumba, ombeni, kisha amueni. Kanisa lisilo na kasoro hutalipata, na anayeonja kila chungu hashibi.

Tatu, na hili ndilo kubwa, tafuta jumuiya ya mtaani kwako. Wakatoliki na Walutheri wana jumuiya zao, na wengine wana vikundi vya nyumbani. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walizipa jumuiya ndogo ndogo kipaumbele mwaka 1976, kwa kuwa walijua kwamba Mkristo hafahamiki katika umati. Ibada ya Jumapili ina mamia ya watu. Jumuiya ina kaya chache zinazojuana kwa majina. Humo ndimo hujulikana nani amelazwa, nani amejifungua, nani hana unga. Jiandikishe, kisha useme, "Mkutano ujao njooni kwangu." Usisubiri makochi mapya. Mkeka na chai vinatosha.

Nne, kubali kuhitaji wenzako. Wengi wetu tumelelewa tukifundishwa kutosumbua watu. Lakini anayetoa tu, asiyeomba kamwe, hubaki mgeni mwenye heshima. Muulize jirani wapi pa kununua mboga, jinsi ya kupika mlenda wa Kigogo, namna ya kutunza maji miezi ya kiangazi. Jifunze kuamkia "Mbukwenyi," hata ukikosea watacheka nawe. Na acha kusema kila mara, "Sisi kule Dar tulifanya hivi." Maneno hayo hufunga milango.

Kuna mtego mwingine mpya. Tangu treni ya umeme ianze kufika Dodoma mwaka 2024, safari iliyokuwa ikila siku nzima kwa basi imekuwa ya saa chache. Tunamshukuru Mungu. Hata hivyo, mama anayerudi Dar kila Ijumaa hayupo Jumamosi jumuiya inapokutana, wala Jumapili wenzake wanapopanga zamu za kufagia kanisa. Mwili wake unalala Dodoma, moyo wake haujashuka kwenye treni. Kasalimie wazazi, lakini Jumapili nyingi ziwe za huku.

Mkumbuke Priska. Yeye na mumewe Akila walifukuzwa Rumi kwa amri ya Kaisari Klaudio, wakahamia Korintho, wakahamia tena Efeso, hatimaye wakarudi Rumi. Kila mahali walianza upya; kazi yao ilikuwa kushona mahema. Korintho walimkaribisha Paulo, mgeni mwenzao. Efeso na Rumi kanisa lilikutana nyumbani mwao. Hawakungoja kuwa wenyeji ndipo wafungue mlango. Kwa kufungua mlango walikuwa wenyeji.

Nanyi mliotangulia kufika, makofi ya Jumapili hayatoshi. Mwulize mama mgeni anakaa mtaa gani, na kabla ya juma kwisha kapige hodi. Undugu ni kufaana. Mpe zamu, mpe sufuria akoroge uji wa watoto, mpe jembe.

Bwana awabariki katika nyumba zenu mpya. Hadi mwezi ujao.