Jembe Bovu Linakwenda Wapi?



Wanunuzi wa chuma chakavu hupita vijijini kwetu. Wengine huja na baiskeli, wengine na mkokoteni. Hununua majembe yaliyokwisha, plau zilizovunjika na fremu za baiskeli. Chuma hicho wengi hukiita skrepa. Je, kinakwenda wapi? Mwezi huu tutajifunza habari zake.

Chungu kikivunjika hakifinyangwi tena. Lakini chuma kikivunjika huyeyushwa, kikawa chuma kipya. Ndiyo sababu chuma chakavu ni mali.

Kazi ya chuma si ngeni katika nchi yetu. Zamani, upande wa Geita na Buzinza, waliishi wahunzi hodari walioitwa Warongo. Walichimba mawe yenye chuma. Walijenga tanuri, wakatia mkaa, wakavuta mivukuto. Majembe yao yalifika hadi Usukuma. Watu waliyalimia, na hata waliyatoa kuwa mahari.

Siku hizi viwanda vingi vya chuma hutumia tanuri la umeme. Mfaransa mmoja, Paul Héroult, ndiye aliyeifanya njia hii ifae kwa kazi ya kiwandani. Alifanya hivyo mnamo mwaka 1900. Hapa Afrika Mashariki, njia hii ilifika Jinja, Uganda. Mji huo uko ukingoni mwa Ziwa Victoria, mahali mto Nile unapoanzia. Mwaka 1954 lilifunguliwa hapo bwawa la umeme la Owen Falls. Katika miaka ya 1960, ukoo wa Madhvani ulianzisha kiwanda cha kuyeyusha chuma chakavu mjini hapo.

Kwa nini Jinja? Kwa sababu tanuri hili hula umeme mwingi. Kuyeyusha tani moja, yaani kilo 1,000, huhitaji uniti 400 hivi au zaidi.

Tanuri hilo hufanyaje kazi? Je, umemwona fundi wa kuchomelea? Ncha ya fimbo yake ikikaribia chuma, hutoka mwanga mkali na chuma huyeyuka. Tanuri hufanya vivyo hivyo, lakini kwa nguvu kubwa sana. Ni kama sufuria kubwa, na ndani yake limejengwa kwa matofali yasiyoungua. Chuma chakavu hutiwa ndani. Kisha nguzo nyeusi, mara nyingi tatu, huteremshwa kutoka juu. Umeme huruka kutoka kwenye nguzo hizo hadi kwenye chuma. Moto hupanda mpaka chuma kinakuwa kama uji mwekundu. Joto lake hufika digrii 1,600. Maji yachemkayo ni digrii 100 tu.

Mafundi hutia chokaa. Chokaa hushika taka, nazo huelea juu. Taka hizo huitwa mavi ya chuma. Huondolewa, na chuma kilicho safi humiminwa katika ndoo kubwa, kisha hufanywa mapande. Mapande hupashwa moto na kupitishwa katika mashine za kubana, mpaka yanakuwa nondo. Nondo inayoshika ukuta wa shule yenu huenda zamani ilikuwa plau ya mtu.

Lakini mashine peke yake haitoshi. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia kutoka Uganda. Wenye viwanda na mafundi wengi waliondoka. Vipuri vikakosekana, na viwanda vingi vikazorota. Ilichukua miaka mingi kuviinua tena. Kiwanda ni watu wenye ujuzi.

Sasa, ndugu msomaji, sikiliza jambo kubwa. Kinachoingia katika tanuri ndicho kinachotoka. Mwaka 1983, katika mji wa Ciudad Juárez, nchi ya Mexico, mashine ya hospitali ya kutibu saratani iliuzwa kama chuma chakavu. Ndani yake mlikuwa na kobalti yenye mionzi ya hatari. Mionzi haionekani wala hainuki. Mashine iliyeyushwa pamoja na vyuma vingine, ikawa nondo. Hatari iligunduliwa mwaka 1984, na nyumba nyingi zilizojengwa kwa nondo hizo zilibomolewa.

Kwa hiyo chagua unachouza. Usiuze wala usivunje mashine ya hospitali. Usiguse kitu chochote chenye alama ya hatari. Mtungi uliofungwa usiupasue. Ukitiwa katika tanuri, unaweza kulipuka na kuua mafundi. Mabaki ya baruti za machimboni yaache yalipo. Waonye watoto, kisha toa taarifa kwa serikali ya kijiji au polisi.

Tena, usiuze chuma ambacho bado kinafanya kazi. Mpini wa pampu ya kisima, kipande cha reli na chuma cha nguzo ya umeme si skrepa. Mwizi hupata fedha kidogo. Lakini akina mama watatembea mbali kutafuta maji, na gari moshi linaweza kuanguka na watu wake.

Jembe lililokwisha, liuze. Pampu ya kijiji, ilinde.

Mkimaliza kusoma, jadilianeni: Katika kijiji chetu, ni vyuma gani vimekwisha kazi? Ni vipi tunapaswa kuvilinda, na nani atavilinda?