Mgonjwa Aelezwe Maumivu Kabla ya Kupasuliwa

Katika hospitali nyingi mgonjwa anayesubiri kupasuliwa huambiwa mambo mawili: asile kitu baada ya saa fulani, na ajikaze. Mintarafu maumivu yatakayomkabili akizinduka, aghalabu haambiwi neno. Kimya hicho huhesabiwa kuwa ni huruma, kwani hudhaniwa kwamba kumtajia mtu uchungu ni kumtisha. Utafiti hauungi mkono dhana hiyo. Hapana budi maelezo hayo yahesabiwe kuwa sehemu ya tiba, kama ilivyo sindano.

Mwaka 1964 Lawrence Egbert, daktari wa dawa za usingizi, na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa katika hospitali ya Massachusetts General, mjini Boston, Marekani. Wagonjwa 97 waliopasuliwa tumbo waligawanywa makundi mawili. Kundi moja halikuambiwa lolote juu ya maumivu. Wagonjwa wa kundi la pili walielezwa, usiku wa kuamkia upasuaji, mahali watakapoumwa, ukali wa maumivu na muda wake. Waliambiwa pia kwamba maumivu hayo huzidishwa na misuli inayokakamaa chini ya kidonda. Kisha wakafundishwa kuilegeza, kuvuta pumzi ndefu, na kujigeuza kitandani kwa nguvu za mikono na miguu. Iwapo hayo yasingetosha, waombe dawa. Madaktari waliowapasua hawakujua nani alikuwa wa kundi lipi. Walioelezwa walihitaji takriban nusu tu ya dawa za jamii ya mofini, na waliruhusiwa kurudi nyumbani mapema kwa wastani wa siku 2.7.

Hapa neno "jikaze" linajifichua. Mgonjwa anayelitii kwa dhati huikaza misuli ileile aliyopaswa kuilegeza, naye huzuia pumzi ileile aliyopaswa kuivuta.

Mwanafunzi aliyezoea kuuchora mshipa wa fahamu kama waya wa simu, kutoka kidoleni hadi kwenye ubongo, atauliza maneno yanawezaje kupunguza maumivu ya kidonda. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walitoa nadharia kwamba katika uti wa mgongo mna kitu mfano wa lango, na kwamba ubongo wenyewe huweza kuteremsha amri ya kulifungua au kulifunga. Baadhi ya vipengele vya nadharia hiyo vimerekebishwa tangu hapo, lakini kuwapo kwa njia zinazoshuka kutoka kwenye ubongo hakubishaniwi tena. Hofu na mashaka hupita humo, utulivu vilevile.

Isidhaniwe kwamba jambo hili ni muujiza. Mapitio ya majaribio zaidi ya 100, yaliyotolewa mwaka 2016, yalionyesha kwamba kumwandaa mgonjwa kiakili huenda kukapunguza maumivu na kufupisha siku za kulazwa, lakini kwa kiasi cha nusu siku hivi, na ubora wa ushahidi wenyewe ulikuwa hafifu. Tofauti kubwa iliyoonekana Boston haikurudi kila mahali. Kwa hiyo atakayeyatumia maneno badala ya mofini, ati kwa kuwa kabati la dawa ni tupu, atakuwa amemdhulumu mgonjwa. Wale wa Boston waliambiwa waziwazi kwamba waombe dawa wakiihitaji. Yamkini ahadi hiyo peke yake iliwaondolea hofu isiyo ndogo.

Watasema wengine kwamba wauguzi ni wachache na wodi zimejaa. Ni kweli. Lakini mgonjwa asiyethubutu kukohoa wala kujigeuza kwa kuogopa mshono hukusanya makohozi kifuani, na akipata homa ya mapafu humtaka muuguzi yuleyule usiku kucha. Maelezo yanayohitajika ni ya dakika chache tu, nayo yatolewe jioni, kabla mgonjwa hajalewa dawa, kwa lugha anayoisema nyumbani kwake, na ndugu atakayemuuguza awepo asikie.