Mafuvu Mawili

Leo tulinganishe mafuvu mawili. La kwanza ni la gliptodonti, mnyama wa Amerika ya Kusini, mkubwa kama motokari ndogo, mwenye gamba la mifupa mgongoni. Taya zake ni nene, meno yana mifereji ya kusaga majani. La pili ni la kakakuona wa misitu yetu, yule Warega wanamwita ikaga. Hana jino hata moja! Analamba mchwa kwa ulimi mrefu. Kumbe wote wawili wamevaa ngao, lakini si wa jamaa moja.

Gliptodonti walikwisha miaka kama 10,000 iliyopita. Mifupa ya Argentina, ya miaka kama 21,000, ina alama za visu vya mawe. Ngao haikuwaokoa na mtu. Kakakuona naye akijikunja, simba anashindwa, lakini mtu anamwokota kama mupira tu.

Tangu 2017 biashara yake kati ya nchi na nchi imekatazwa, na mpaka wetu wa Bunagana umo. Wazee wa Warega walikataza kumwinda tangu zamani. Basi, wewe wa machimbo, ukimkuta njiani, umwache apite. Watoto wako wamwone mzima, si fuvu tu.